Ann Allen Shockley, mkutubi kwanza

Wengi wanaomtaja Ann Allen Shockley humtaja kwa Loving Her, riwaya yake ya mwaka 1974, inayohesabiwa kuwa ya kwanza Marekani kumfanya mwanamke Mweusi anayempenda mwanamke mwenzake kuwa mhusika mkuu. Kazi yake ya ukutubi hupewa nusu sentensi, kana kwamba ilikuwa kibarua cha kumlipia kodi ya nyumba. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Naamini riwaya ile ilitoka maktabani.

Alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1927. Mji huo ulikuwa na bahati yake: tangu 1905 ulikuwa na tawi la maktaba la Weusi lililoendeshwa na Weusi wenyewe, chini ya Thomas Fountain Blue. Kwingineko katika majimbo ya Kusini mwa Marekani mambo yalikuwa mabaya: mahali pengi Weusi hawakuruhusiwa kuazima vitabu maktabani. Mwandishi Mweusi Richard Wright, akiwa kijana Memphis, ilimbidi aazime kadi ya maktaba ya Mzungu waliyefanya naye kazi na kughushi barua ili aonekane ametumwa tu na Mzungu huyo. Mkutubi alipomshuku na kumuuliza kama vitabu ni vyake, akajibu kwamba hajui kusoma. Hebu fikiria: mtu mwenye kiu ya vitabu kiasi kile, na njia pekee ya kuvipata ni kujiita mjinga mbele ya anayevitunza. Shockley aliujua mfumo huo vizuri, kwa sababu mwaka 1959 aliandika historia ya huduma za maktaba za umma kwa Weusi wa Kusini, kuanzia 1900 hadi 1955.

Mwaka 1969 alirudi Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, alikohitimu mwaka 1948, kusimamia mikusanyo maalumu na nyaraka. Huko ndiko historia simulizi za Weusi zilikorekodiwa, watu wakisimulia maisha yao kwa sauti zao wenyewe. Mwaka 1973 yeye na Sue P. Chandler walitoa orodha ya waandishi Weusi waliokuwa hai, na mwaka 1977 yeye na E. J. Josey wakatoa mwongozo wa ukutubi wa Weusi. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku huona upesi nani hayumo. Anafungua droo ya kadi za orodha ya vitabu, anatafuta, hakuna kitu.

Aliloliona halimo, aliliandika. Renay, mpiga piano wa Loving Her, anamkimbia mume mlevi anayempiga, anakwenda kuishi na Terry, mwandishi Mzungu mwenye pesa. Riwaya ina udhaifu wake. Mazungumzo mengine ni mazito kama hotuba, na utajiri wa Terry unarahisisha mno mambo. Lakini Shockley hakumficha Renay wala kumfanya kichekesho. Miaka mitano baadaye, mwaka 1979, alichapisha insha kuhusu nafasi ya wanawake Weusi wanaopenda wanawake wenzao katika fasihi ya Marekani, na ukiisoma unamsikia mkutubi akihesabu vitabu na kukuta ni vichache mno.

Mara nyingi wasomaji huuliza kama yeye mwenyewe alipenda wanawake wenzake. Aliwahi kuolewa, akapata watoto wawili. Zaidi ya hapo sioni kama tunamdai kitu. Hatuwaulizi waandishi wa riwaya za upelelezi kama wameua.

Kwa msomaji wa kwetu, aliyelelewa karibu na mimbari, ningeanza na Say Jesus and Come to Me ya mwaka 1982. Mhubiri wa kike, Myrtle Black, anampenda mwimbaji Travis Lee, na Shockley anaikabili chuki ya kanisa akiwa ndani ya kanisa lenyewe, katika lugha ya waumini. Hakuna dharau kwa imani humo, na kwa hiyo lawama yake inauma zaidi.

Kisha usiache kitabu chake cha mwaka 1988, kinachokusanya wanawake Weusi wa Marekani walioandika kati ya 1746 na 1933. Mwaka ule wa kwanza, 1746, ni wa shairi la Lucy Terry, mtumwa wa Massachusetts, ambalo liliishi midomoni mwa watu zaidi ya karne moja kabla ya kuchapishwa mwaka 1855. Kwangu mimi kitabu hicho kina uzito sawa na riwaya zake zote.