Vitanda sawa, na mlezi je?

Naunga mkono makala iliyosema vitanda vya mabweni ya chuo wapewe kwanza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ila mwandishi kahesabu vitanda tu. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) zilipozinduliwa Aprili 2017, majengo 20 ya wanafunzi 3,840, wengi tulidhani kubebana kumekwisha. Kwa wasiojua, kubebana ni kulala wawili kitanda cha mtu mmoja, huyu kichwa huku, mwenzake kule.

Mimi niliingia chuo fulani (sikitaji) nikitokea Sumbawanga na begi moja na ndoo. Chumba nikakosa, nikapanga uswahilini, daladala mbili mpaka darasani. Matangazo yalibandikwa hosteli jioni. Nikiyaona kesho yake, muda umepita. Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Alinibeba chumbani kwake, akanionyesha jinsi ya kusajili masomo, wapi pa kusaini bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu), na mama ntilie gani anakopesha hadi bumu litoke. Huyo ndiye alikuwa chuo changu, wahadhiri niliwajua baadaye.

Harvard wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakaa pamoja, wanakula ukumbi mmoja, na kwenye mabweni yao kuna walezi wanaoishi humo humo. Pesa zao hatuna, najua. Lakini kuweka mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu kila korido, akasamehewa kodi ya chumba, nalo linasubiri mfadhili?