Mtoro wa Jumatano

Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, soko ni Jumatano na Jumamosi. Jumamosi haina neno. Jumatano ndiyo inayotoboa daftari la mahudhurio katika shule za kutwa za jirani: binti wa kidato cha tatu yuko kwenye ndizi na parachichi za mama yake, na Alhamisi mwalimu wa zamu anamsubiri getini na fimbo.

Tukitaja utoro tunamfikiria yule aliyepotea siku 90 mfululizo mpaka akafutwa shule. Huyu wa Jumatano hatafika huko. Mwaka wa masomo una siku 194. Akikosa moja kila wiki ni kama 39, na kwa miaka minne zinakaribia 155. Si haba. Ila kinachomwangusha hasa ni ratiba, kwa sababu nayo hujirudia kila wiki kama soko. Vipindi viwili mfululizo vya Kemia vikiwekwa Jumatano, binti hakosi kidogo hapa na kidogo pale, anakosa Kemia. Mada ya moli ikimpita, hesabu za elektrolisisi zinazoitegemea atazitazama kama ramli. Daftari la kuazima litampa majibu, lakini halitamwonyesha jinsi mwalimu alivyofika pale.

Wazazi nao wana hoja, tena nzito. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, nauli ya kifodi na mchango wa chakula cha mchana vinatoka mfukoni kwa mama, na mfuko wenyewe unajazwa Jumatano. Kisha lipo swali linalouma zaidi: ahudhurie nini? Shule za kata kukaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia si habari ngeni. Mtoto anayerudi na daftari jeupe, heri angeuza ndizi. Hapo sina cha kumjibu mama.

Isipokuwa kwamba mama haijui ratiba. Hachagui Jumatano isiyo na mwalimu. Soko ndilo linamchagulia. Siku mwalimu akipatikana, binti bado yuko kwenye parachichi.

Fimbo ya Alhamisi sijawahi kuielewa. Ikizidi, inamfundisha kukosa na Alhamisi.

Ningekuwa mwalimu wa taaluma, ningehamishia Jumatano michezo, usafi na vipindi vya dini, Kemia na Hesabu nikazitawanya siku nyingine. Watakaosema huko ni kuubariki utoro hawajakosea sana: siku ikishajulikana kuwa nyepesi, hata asiye na meza sokoni atabaki nyumbani. Bado ningejaribu muhula mmoja, nikalinganisha alama za kina binti wa Tengeru kabla na baada. Ngaramtoni, ambako soko huangukia Alhamisi, wao waanze na siku hiyo.