Sato wa Mama Mkwe

Mke wangu aliponiambia ana mimba ya miezi mitatu, jambo la kwanza nililofanya ni kupiga hesabu. Bado miezi sita. Na nilikuwa nimeshasikia kwa wafugaji kwamba sato akilishwa vizuri huchukua kama miezi sita kufika kikaangoni. Nikaona ratiba imejipanga yenyewe. Mama mkwe atashuka kutoka Same kuja kumwogesha mzazi, na mimi nitainama uani nimtoe sato mzima mzima, anapiga mkia.

Inabidi mjue kwamba mama mkwe wangu ni Mpare wa milimani na Msabato wa kuzaliwa. Samaki asiye na magamba hapiti kinywani mwake. Mambo ya Walawi sura ya 11 anaijua kama wengine tunavyojua namba zetu za simu. Mimi ni Mchaga. Wachaga na Wapare ni watani, tunasemana hata misibani, lakini utani una mpaka wake na mpaka wenyewe ni mama mkwe. Isitoshe, yule mbuzi wa mahari aliyekuja kugundulika ana chongo alikuwa hajasahaulika. Nilihitaji sato.

Tunakaa Kimara, nyumba ya kupanga, wapangaji wanne na uani mmoja. Nikapata tangi la plastiki la lita 1000 lililopasuka sehemu ya juu, mwenyewe anataka kulitupa. Fundi akalikata katikati kwa msumeno, kingo akazilainisha kwa moto, nikabaki na beseni la lita kama 500 hivi. Nikaliweka palepale lilipokuwa limeshushwa, mlangoni mwa jiko, nikaita vijana wawili, tukalijaza kwa mpira.

Likajaa. Mama Rehema, mpangaji mwenzetu, akatoka na sufuria ya ugali, akasimama, akauliza yeye sasa apite wapi.

"Tutalisogeza, dada."

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hilo nililisoma darasa la sita, nikajibu mtihani, nikapata vema, nikalisahau. Tulikuwa watu watatu tunasukuma nusu tani. Halikusogea hata kwa heshima. Tukachota maji yote kwa ndoo, tukalihamishia ukutani chini ya bati, tukajaza upya. Siku hiyo uani kwetu kungepandwa mpunga.

Jioni ileile nikaleta vifaranga 30 vya sato, kila kimoja shilingi 500, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa hewa. Nikawamimina. Wakazunguka, wakacheza, nikapiga picha nikaituma Same. Asubuhi wote walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, weupe, kama vijiko vilivyosahauliwa kwenye karo.

Nikampigia muuzaji kwa hasira.

"Maji ya bomba?" akaniuliza.

"Sasa ulitaka ya soda?"

"Uliyaacha siku ngapi kabla ya kuweka samaki?"

Siku? Kumbe maji ya bomba yanawekwa klorini kuua vijidudu, na klorini haijui kutofautisha kijidudu na kifaranga cha shilingi 500. Unayaacha wazi siku mbili, unayakoroga, dawa inatoka, ndipo samaki waingie. Nikayaacha wiki nzima kwa uoga. Siku ya tano yakawa na viluwiluwi vya mbu, wapangaji wakaanza kunisalimia kwa mkato. Bahati nzuri vifaranga 30 wa awamu ya pili walipoingia, viluwiluwi vikaisha kwa siku moja, na salamu zikarudi.

Somo la klorini likanipa akili mpya. Nikasema kwa nini nihangaike na bomba wakati maji ya mvua hayana dawa? Nikachukua mfereji wa bati uliokuwa unamwaga upande wa choo, nikaugeuza, mdomo wake ukaangalia katikati ya beseni. Nilijipongeza mno kwa hilo. Likumbukeni.

Samaki 30 kwenye beseni lile walikuwa wengi. Maji yakawa ya kijani kama mlenda, na kila alfajiri nikitoka nawakuta wamepanga foleni juu, midomo nje, wanahema kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili. Mchana ule ukijani unawatengenezea hewa, usiku unawanyang'anya. Wakafa mmoja mmoja. Kufikia Januari niliweza kuhesabu 14, na kuhesabu kwenyewe kulikuwa kubahatisha, maana maji hayakuwa yanaonesha zaidi ya kiganja.

Yule muuzaji akanishauri nichanganye na kambale. Kambale, alisema, hafi. Hata maji yawe tope yeye anapanda juu, anameza hewa, anarudi chini kuendelea na shughuli zake. Tena wafugaji huwa wanamchanganya na sato makusudi, ili apunguze vitoto vikizidi. Nikanunua kumi, wa urefu wa kidole. Sikuuliza swali moja dogo: akishamaliza vitoto, anapunguza nini?

Uani kwetu yupo pia mzee mmoja wa Rufiji, mstaafu, mtu wa maneno machache na redio. Akaja kuchungulia na kibarakashia chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kambale hao?"

"Ndiyo, mzee."

"Maji umeyajaza mpaka mdomoni. Mpunguzie, acha shubiri mbili, halafu funika na wavu. Kambale humfungii nyumba halafu ukamwachia mlango."

Nikacheka kwa adabu, nikasema sawa mzee. Rohoni nikasema, samaki aende wapi, Mbezi?

Mtoto akazaliwa Aprili, wa kike, kilo tatu na nusu. Jumanne mama mkwe akashuka stendi na mabegi mawili, mkungu wa ndizi na Biblia. Akanisalimia vizuri tu. Akamwogesha binti yake kwa maji ya moto, akamwogesha mjukuu, akapika uji wa pilipili manga, na Jumatano akasimama kwenye beseni mikono nyuma, anatazama ule ukijani.

"Sato wako humu, baba?"

"Wamo mama. Jumapili nakutolea wawili wakubwa."

"Mbona siwaoni?"

"Wanapenda chini, mama."

Ijumaa jua lilipozama Sabato ikaingia. Akawasha taa, akaimba nyimbo zake, akalala. Saa nane usiku masika ikafunguka. Mnaoishi Dar mnaijua mvua ile: haianzi kwa matone, inaanza katikati. Bati lote la upande wetu, urefu wa vyumba vinne, likawa linamimina ndani ya beseni langu kupitia mfereji wangu wa akili nyingi. Mimi nimelala, nasikiliza, nafurahia maji ya bure.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe uani. Choo chetu ni cha nje.

"Yesu wangu! Yesu! Nyoka! Nyoka ana masharubu!"

Nilitoka na nilichokishika gizani, ambacho kilikuwa kanga ya mke wangu. Nikajifunga kiunoni nikakimbilia mvuani. Mama mkwe amepanda juu ya jiwe la kufulia, mwavuli mkono mmoja, tochi mkono mwingine, anamulika chini. Na chini, kwenye maji yanayotiririka juu ya saruji, kambale mweusi wa urefu wa mkono wangu alikuwa anakwenda zake. Sisemi anatapatapa. Anakwenda. Amejiinua kwa mapezi ya mbele, kiwiko cha kushoto, kiwiko cha kulia, kama mgambo anayetambaa chini ya seng'enge, na zile ndevu zake nane zinapapasa njia. Nyuma yake wa pili. Nyuma ya wa pili, watatu. Walikuwa wametoka kwa utaratibu kuliko sisi tunavyotoka kanisani.

"Si nyoka mama! Ni samaki!"

"Samaki anatembea?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu, na muda huo Mama Rehema alikuwa ameshatokea na mwiko, mlinzi wa nyumba ya jirani ameruka ukuta na rungu, watoto wanapiga kelele dirishani. Mlinzi akamwona wa kwanza, akasema huyu katumwa, na akarudi ukutani kwa kasi aliyojia.

Nikamrukia mmoja. Kambale hashikiki, ni kama kushika sabuni ya mche iliyolowa inayokuchukia. Alinichomoka, nikamkaba kichwani, naye akatanua pezi la ubavuni. Pale mbele pana mwiba, na mwiba wenyewe una meno kama msumeno. Ukaniingia kiganjani. Nikapiga kelele ambayo mke wangu, mzazi wa siku sita, anasema aliisikia akadhani nimefiwa.

Mzee wa Rufiji akatoka taratibu, gunia begani, kopo la majivu mkononi. Akapaka majivu viganjani, akatupa gunia juu ya samaki, akamkunja, akamtia ndoo. Akahamia wa pili. Hakunitazama.

"Shubiri mbili," alisema tu.

Tukakamata wanane. Wa tisa alikutwa ndani ya ndala ya mama mkwe iliyobaki mlangoni mwa choo, ametulia, kama yuko kwenye mtumbwi. Wa kumi hakuonekana. Nilipoinama kumtafuta chini ya karo nikasikia kimya cha ajabu nyuma yangu, kisha Mama Rehema anabanwa na kicheko. Nilikuwa nimempa mama mkwe mgongo, nimeinama, kanga imeninata kwa mvua, na jina la kanga liko palepale mnapofikiria: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Mama mkwe akazima tochi. Hiyo ilikuwa heshima, na nitamshukuru mpaka kufa.

Asubuhi mzee alimpasua mmoja kwa ajili ya Mama Rehema, akaniita nione. Juu ya matamvua, ndani ya kichwa, mna vitu vyekundu vimechanua kama vichaka vidogo vya matumbawe. Ndivyo anavyovutia hewa huku juu. Kwao Rufiji, alisema, mvua ikinyesha usiku kambale hukatiza majanini kutoka dimbwi hili kwenda lile, na watu huwaokota kwa mafungu. Nikamwambia mzee, ungeniambia. Akawasha redio.

Mama mkwe, siku ya Sabato, hakutaka kusogelea ndoo.

"Hana magamba," alisema.

"Ila mapezi anayo, mama," nikajaribu.

"Mapezi nimeyaona. Yamenikanyaga." Akafikiri. "Na hata angekuwa na magamba, mimi siwezi kula kitu kilichonisalimia usiku."

Nikasema basi, sato wapo. Nikachukua ndoo, nikaanza kupunguza maji mbele yake. Ndoo ya kumi, hakuna kitu. Ndoo ya ishirini, hakuna kitu. Nilianza kuchota polepole. Wapangaji wote wamesimama barazani na vikombe vya chai, hakuna anayesema. Maji yalipobaki ya kifundoni, kwenye kona ya tope, kitu kikapiga mkia. Sato. Mmoja. Mkubwa wa kiganja na nusu, magamba kamili, pezi la mkiani limetafunwa ncha, anatutazama kwa jicho la mtu aliyeona mengi.

Kati ya sitini niliowanunua, yeye.

"Mama, huyu hapa," nikasema. "Jua likizama namkaanga."

Mama mkwe akainama, akamtazama muda mrefu.

"Amelala na hao kumi humu tangu Januari?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawakumgusa."

"Mkia kidogo tu."

Akasimama, akarekebisha kitenge. "Huyo haliwi. Huyo ni Danieli. Mjazie maji."

Nikamjazia. Maji ya siku mbili, shubiri mbili chini ya mdomo, wavu juu. Mfereji nikaurudisha upande wa choo.

Mama mkwe alikaa nasi miezi miwili akarudi Same. Kila Jumapili jioni hupiga simu. Anaanza kumuuliza Danieli anakula vizuri, kisha mjukuu, kisha binti yake, kisha kama yule wa kumi ameonekana. Salio likibaki ananisalimia na mimi.