Lenzi za usiku kwa mtoto asiyeona mbali: zinamfaa nani?

Mtoto analala na lenzi ngumu machoni, asubuhi anazivua, na kutwa nzima anasoma ubaoni bila miwani. Hivyo ndivyo wazazi wanavyoelezwa kuhusu lenzi za othokeratolojia, na maelezo hayo ni ya kweli. Lenzi inaikandamiza konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ikawa bapa kidogo katikati, na mwanga ukatua sawasawa kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtoto akiacha kuvaa, ndani ya siku au wiki chache konea inarudia umbo lake. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu zivaliwe usiku kwa kazi hiyo tu, ya kumpa mtu kuona mchana.

Kwangu hiyo ndiyo sababu nyepesi kuliko zote ya kuzivaa. Mtoto mwenye mayopia, yaani asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake linarefuka kupita kiasi, na kadiri linavyorefuka namba ya miwani inapanda. Namba ikifika juu sana, ukubwani hatari ya retina kubanduka na ya presha ya macho inaongezeka. Miwani ya kawaida inamsaidia kuona, lakini jicho linaendelea kurefuka nyuma yake. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama lenzi hizi zinapunguza kasi hiyo.

Zinapunguza. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong walichapisha matokeo ya watoto waliogawanywa kwa bahati nasibu, wengine lenzi za usiku, wengine miwani ya kawaida. Baada ya miaka 2, macho ya kundi la miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, ya kundi la lenzi 0.36. Hapo ndipo ilipotoka ile 43% ya kupungua kwa kasi inayotajwa kila mahali. Ukiitazama kwa milimita, tofauti ni 0.27, sawa na zaidi kidogo ya nusu dayopta, kipimo kinachotumika kwenye namba ya miwani. Si haba, ila mzazi anayesikia “karibu nusu” huenda anatarajia makubwa kuliko hayo.

Kilichonishawishi zaidi ni hesabu ya umri katika utafiti huohuo. Kwa watoto wa miaka 7 na 8 waliovaa miwani, 65% namba yao ilipanda kwa zaidi ya dayopta 1 kwa mwaka. Kwa wenzao wa lenzi ilikuwa 20%. Kwa wa miaka 9 na 10, ilikuwa 13% dhidi ya 9%. Faida kubwa iko kwa wadogo, na hao ndio wasioweza kujihudumia wenyewe.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Jicho lililofumbwa juu ya lenzi usiku kucha linapata oksijeni kidogo, na vijidudu vinapata nafasi. Mapitio yaliyochapishwa 2005 yalikusanya kesi 50 za mwanzo za vidonda vya konea kwa watumiaji wa lenzi hizi. Nyingi zilitoka Asia Mashariki, wengi wakiwa na umri wa miaka 9 hadi 15, na 30% zilisababishwa na Acanthamoeba, kimelea kinachoishi hata kwenye maji ya bomba. Kidonda cha aina hiyo hupona kwa shida na kinaweza kuacha kovu la kudumu. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulikadiria maambukizi kama 14 kwa kila watoto 10,000 kwa mwaka, ingawa makadirio hayo yalitokana na wagonjwa wawili tu, na wote wawili hawakupoteza uwezo wa kuona. Ni nadra, lakini si jambo la kupuuza kwa jicho ambalo lingeweza kuvaa miwani tu.

Tazama kazi yenyewe. Kila usiku mzazi ananawa kwa sabuni, anakausha mikono kabisa, kwa sababu tone moja la maji ya bomba kidoleni linatosha kuleta balaa. Lenzi inasuuzwa kwa dawa yake. Asubuhi mara nyingi imeng’ang’ania. Unadondoshea matone, mtoto anapepesa mpaka icheze, ndipo unaivua. Ukiivuta kwa haraka unakwaruza konea, na mkwaruzo ni mlango wa vijidudu. Kopo la lenzi nalo lisafishwe na kubadilishwa mara kwa mara. Haya yote ni kwa miaka, si kwa mwezi mmoja.

Halafu mwaka 2020 chuo kilekile cha Hong Kong kilichapisha matokeo ya miwani maalumu yenye vilenzi vidogo vidogo kwenye kioo. Baada ya miaka 2 macho ya watoto walioivaa yalirefuka milimita 0.21, dhidi ya 0.55 kwa miwani ya kawaida. Tafiti mbili tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, lakini baada ya hapo sioni kwa nini lenzi ya usiku iwe chaguo la kwanza. Matone ya atropini ya kiwango cha chini, dawa ya macho inayotumika kupunguza kasi hiyohiyo, nayo yapo.

Watetezi wa lenzi wana jibu zuri: miwani inafanya kazi ikiwa usoni. Dar es Salaam, katika utafiti uliochapishwa 2008, wanafunzi wa sekondari walipewa miwani bure, na baada ya miezi 3 ni 47% tu waliokuwa wakiivaa au wakiwa nayo shuleni. Lenzi ya usiku inavaliwa nyumbani mbele ya mzazi.

Kwa hiyo ningeikubali kwa mtoto wa miaka 7 au 8 ambaye namba inapanda kwa kasi, ambaye miwani haikai usoni, mwenye mzazi wa kusimamia kila usiku na daktari wa macho anayefikika siku hiyohiyo jicho likiwa jekundu. Tena mzazi aulize mapema ataacha lini, maana watafiti walewale wa Hong Kong waligundua kuwa kuacha kabla ya miaka 14 hufanya jicho lirefuke kwa kasi zaidi. Kwa mtoto wa miaka 12 ambaye namba yake haijasogea kwa mwaka mzima, nisingelipia.