Kiraka cha mstari mmoja kisije na mistari mia tisa

Jioni moja ya mvua, wakati sisi tuliobaki ofisini Kijitonyama tukisubiri foleni ya barabara ya Bagamoyo ipungue, kijana ninayefanya naye kazi aliniletea kiraka, yaani fungu la mabadiliko ya msimbo, nikikague, akisema, "Kaka, ni kitu kidogo tu, nimerekebisha punguzo la mizigo." Nilipokifungua nikakuta faili nzima imegeuka nyekundu na kijani: mistari mia tisa imefutwa, na ileile mia tisa imeongezwa. Hakuwa amenidanganya. Alikuwa amegeuza alama moja tu, > ikawa >=, lakini kihariri chake kwenye Windows kilikuwa kimebadilisha miisho ya mistari yote kutoka LF, alama moja isiyoonekana, kuwa CRLF, yaani alama mbili, CR na LF, na Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ambayo hulinganisha mstari kwa mstari, ikauona kila mmoja kuwa mpya.

Mkaguzi wa kiraka anaweza kujiokoa kwa amri ya kuonyesha tofauti, git diff -w, inayopuuza nafasi zote, ila mimi siipendi, kwa sababu katika Python nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya mantiki, na kuzificha ni kuficha kosa. Afadhali --ignore-cr-at-eol, inayopuuza alama ya CR ya mwisho wa mstari na kuacha mengine yote yaonekane.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kazi hii si ya mkaguzi. Mpangilio wa core.autocrlf, unaogeuza miisho ya mistari, hukaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na hausafiri na mradi, lakini faili ya .gitattributes yenye * text=auto eol=lf husafiri nao, na kila anayeuchukua mradi huo hufuata kanuni ileile bila kukumbushwa. Mradi wa zamani usafishwe kwa git add --renormalize katika komiti (hifadhi moja ya mabadiliko) yake pekee, isiyochanganywa na marekebisho mengine, kisha namba ya komiti hiyo iwekwe kwenye faili inayotajwa na blame.ignoreRevsFile, ili git blame, inayoonyesha nani alibadilisha kila mstari mara ya mwisho, isimbebeshe msafishaji lawama za mistari asiyoiandika.

Kwenye kompyuta yangu nimeongeza mipangilio michache. diff.algorithm, inayochagua njia ya kutafuta tofauti, nimeiweka histogram, kwa kuwa kanuni ya kawaida ya Git, ile ya Myers ya mwaka 1986, hutafuta tofauti fupi kuliko zote, na mara nyingine hulinganisha mabano ya kitendakazi kimoja na ya kingine. diff.colorMoved huipa rangi yake mistari iliyohamishwa tu. Na diff.context, idadi ya mistari isiyobadilika inayoonyeshwa juu na chini ya badiliko, nimeipandisha kutoka 3 hadi 10.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufaa jioni ile. Kiraka kiliporudi kikiwa na mstari mmoja uliofutwa na mmoja ulioongezwa, mistari sita chini yake niliona sharti la pili la punguzo lilelile, bado likiwa na > ya zamani.