Kalibu haina uaminifu

Jumamosi iliyopita, kwenye gulio la vitu vya kale hapa Ohio, niliinua bakuli la kioo cha zambarau lenye ule mng'ao wa mafuta yaliyoelea juu ya maji. Muuzaji akaniambia lina zaidi ya miaka mia. Nikaligeuza, nikapapasa chini kwa kidole. Kulikuwa na umbo la yai, ndani yake neno Fenton, na tarakimu 8 ndogo kama punje ya ulezi.

Fenton, kiwanda cha Williamstown, West Virginia, kilianza kutia chapa hiyo kwenye vioo vya kanivali, yaani vioo vyenye mng'ao wa namna hiyo, mwaka 1970, na ile 8 ni ya miaka ya 1980. Nilipomwonyesha muuzaji alishangaa kweli. Yeye alitazama rangi na maua yaliyo kwenye bakuli tu.

Hapo ndipo ninapogombana na wengi wetu tunaopenda vyombo hivi: tunamtaja mtengenezaji kwa rangi na maua. Zambarau ile walikuwa nayo Fenton, viwanda vya Northwood na Imperial, na wengine. Wote walipulizia chumvi za metali juu ya kioo kikiwa bado cha moto. Maua nayo hutoka kwenye kalibu, chombo kinachokipa kioo cha moto umbo lake, na kalibu ni chuma, haifi na kiwanda. Imperial ilipofungwa mwaka 1984, kalibu zake ziliuzwa huku na kule. Kampuni ya L.G. Wright ndiyo kabisa: haikuwa na tanuri, ilikuwa na kalibu zake na kuwaagiza wenye viwanda waitengenezee. Ua lilelile, miongo tofauti, mikono tofauti. Kwa nini basi tutaje jina kwa kulitazama ua?

Kukosa chapa nako hakusemi kitu. Northwood walitia herufi N iliyopigiwa mstari, ndani ya duara, lakini vyombo vyao vingi havina. Vya Fenton vya mwanzo havikuchapwa kabisa.

Mimi huanza na kitako. Bakuli lililosukumwa mezani miaka mingi huwa na mikwaruzo laini iliyokatizana kila upande, mingi zaidi pale linapogusa meza. Mikwaruzo ikielekea upande mmoja yote, naanza kuwaza kwamba mtu amelisugua kwa msasa ili lionekane la zamani. Na pasipo ushahidi, kibandiko kiandikwe "mtengenezaji hajulikani". Mnunuzi anastahili hilo.

Muuzaji alifuta bei, akaandika nyingine. Nikalinunua.