Msinitajie Atlanta ya 2021

Kila Julai ikikaribia kuisha, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Timu ya besiboli ya mtu ina majeruhi kila kona, imeshinda karibu sawa na ilivyofungwa, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji inabisha hodi, na yeye anataka viongozi wanunue. Ukimuuliza kwa nini, jibu analo mfukoni: "Kwani Atlanta ya 2021 walikuwaje?" Anamaanisha Atlanta Braves, waliojaa majeruhi mwaka ule, wakanunua Julai, wakabeba kombe.

Mimi naishi hapa hapa Georgia. Msimu ule niliufuata mechi kwa mechi, nyingine nikiwa nimetoka zamu ya usiku na macho yanawasha. Kwa hiyo nasema bila kumung'unya maneno: wengi wanaoitaja Atlanta ya 2021 wanakumbuka kombe tu. Hesabu wameisahau.

Kwa ndugu zangu wa nyumbani waliolelewa na mpira wa miguu, jambo hili lina ugeni wake. Dirisha dogo la kwetu mchezaji hununuliwa kwa pesa, na yeye mwenyewe anakaa mezani kujadili maslahi yake. Kwenye besiboli ya Marekani klabu hubadilishana watu kwa watu: nipe mpigaji wako mkongwe, nikupe vijana wangu wawili wa ligi za chini. Mchezaji anapigiwa simu, anaambiwa kesho uko Kansas City, anafunga begi. Wanaoweza kukataa ni wachache: aliyecheza ligi kuu miaka 10 na mitano ya mwisho akiwa klabu hiyohiyo, au aliyeandikiwa haki hiyo kwenye mkataba. Zamani kulikuwa na mlango wa uani mwezi Agosti, ila tangu 2019 umepigwa komeo. Saa ikigonga, imegonga. Nilipomweleza mdogo wangu aliyeko Tanga, alinyamaza kidogo, akauliza, "Kaka, yaani kama mbuzi wa mnadani?" Sikuwa na jibu zuri.

Sasa turudi 2021. Tarehe 10 Julai, Jumamosi, Atlanta Braves walikuwa Miami. Ininga ya tano (mechi ina awamu tisa za aina hiyo), Jazz Chisholm wa Miami akaupiga mpira mrefu kuelekea ukuta wa kulia. Ronald Acuña Jr. akaukimbilia, akaruka, akatua vibaya kwa mguu wa kulia. Chisholm akazunguka besi zote, vile vituo vya kukimbilia, hadi nyumbani huku Acuña yuko chini. Alijaribu kuinuka atembee, akaanguka tena, akatolewa kwa kigari. Nilikuwa kantini ya ghala ninakofanya kazi, na meza nzima ilinyamaza, hata wale ambao besiboli hawaijui. Kano ya goti imekatika, msimu umekwisha. Alikuwa na homurani 24, yaani mapigo yanayomfikisha mpigaji nyumbani kwa mkupuo mmoja, na ndiyo kwanza msimu umefika nusu.

Na hakuwa wa kwanza. Mike Soroka, mrushaji (anayewarushia mpira wapigaji wa timu pinzani) waliyemtegemea, alikuwa ameikata upya kano ya kisigino mwezi Juni akitembea tu kwenda chumba cha kubadilishia nguo. Hakukimbia, hakuruka. Travis d'Arnaud, mdakaji wa mipira ya mrushaji, alikuwa nje kwa kidole gumba tangu Mei. Huascar Ynoa, kijana aliyeanza msimu kwa moto, alichapwa vibaya Milwaukee, akarudi benchi na kulipiga ngumi kwa hasira, akavunja mkono uleule anaorushia. (Hasira hasara, yeye aliulipia ule msemo kwa miezi mitatu.) Marcell Ozuna alivunjika vidole Boston, kisha mambo ya nje ya uwanja yakamfungia mlango mpaka mwisho wa msimu. Na Cristian Pache, waliyemtarajia asimame katikati ya uwanja wa nje, kule nyuma karibu na ukuta, fimbo ilimkataa, akarudishwa ligi za chini.

Wakati ligi inapumzika katikati ya Julai, rekodi yao ilikuwa kushinda 44, kufungwa 45.

Nakiri: nilitaka wauze. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mwaka umekufa, wauze kila mwenye mkataba unaoisha, hata Freddie Freeman, wapate vijana. Kuna mtu bado ana picha ya ujumbe ule na huirusha kundini kila Oktoba.

Alex Anthopoulos, Mkanada anayeiendesha klabu ile, alifanya kinyume, lakini tazama alifanya nini hasa. Tarehe 15 Julai akamchukua Joc Pederson kutoka Chicago Cubs kwa kijana mmoja wa ligi za chini. Siku ya mwisho yenyewe, tarehe 30, akaleta wengine watatu. Adam Duvall kutoka Miami. Jorge Soler kutoka Kansas City, aliyekuwa na wastani wa kupiga wa .192, chini ya mapigo mawili kwa kila majaribio kumi, namba ambayo ukiiona unageuza uso. Na Eddie Rosario kutoka Cleveland, ambaye wakati huo alikuwa kwenye orodha ya majeruhi! Kumpata Rosario walimtoa Pablo Sandoval, mkongwe wa benchi, na Cleveland hawakumtumia hata siku moja, walimwachia hapohapo.

Wachezaji wanne wa uwanja wa nje, na kati ya waliotolewa kuwapata hakuna ambaye Atlanta wanamlilia leo. Chipukizi wao wa maana walibaki nyumbani. Wawili kati yao, Michael Harris II na Spencer Strider, mwaka uliofuata walishika nafasi ya kwanza na ya pili katika tuzo ya mchezaji bora anayeanza ligi kuu, upande wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Hii sehemu ndiyo inayosahaulika kuliko zote: Anthopoulos alinunua mitumba, tena mitumba ya kuchagua, na akiba ya nyumba hakuigusa.

Mengine yanajulikana. Ushindi wao haukuzidi vipigo walivyopata mpaka tarehe 6 Agosti. Walimaliza na ushindi 88, mdogo kuliko timu yoyote iliyoingia mtoano mwaka ule. Rosario akawa mchezaji bora wa mfululizo dhidi ya Los Angeles Dodgers, Soler akawa mchezaji bora wa fainali, ile wenyewe wanayoiita World Series, na Houston wakalala katika mechi ya sita. Mpira alioupiga Soler usiku ule ulitoka uwanjani kabisa. Charlie Morton, katika mechi ya kwanza, alipigwa na mpira mguuni, mfupa ukavunjika, na aliendelea kurusha. Nikikumbuka hilo, hata mafua yangu naona aibu kuyaombea ruhusa kazini.

Lakini kwa nini iliwezekana? Hapo ndipo ninapogombana na wanaonitumia ujumbe.

Timu ile ilikuwa na tundu moja. Kubwa, ndiyo, limechukua uwanja wote wa nje, ila lilikuwa mahali pamoja. Tazama uwanja wa ndani: Freeman alicheza mechi 159 kati ya 161, Ozzie Albies 156, Dansby Swanson 160, Austin Riley 160. Homurani zao, kwa mpangilio huo, 31, 30, 27 na 33. Wanne hao hawakuumwa, hawakuchoka, na walikuwa wakipiga. Warushaji watatu wa kuanza mechi walikuwepo: Morton, Max Fried na Ian Anderson. Mtu akikuambia Atlanta walikuwa hoi, muulize hoi wapi. Walikuwa nyumba nzima iliyoezuliwa bati upande mmoja, na fundi akaenda kununua bati.

Jambo la pili ni majirani. Kundi la Mashariki la Ligi ya Taifa mwaka ule lilikuwa la vipofu, mwenye chongo akawa mfalme. Philadelphia walimaliza wa pili na ushindi 82 tu. Hizo 88 za Atlanta zipeleke Kundi la Magharibi mwaka huohuo, ambako San Francisco walishinda 107 na Dodgers 106, uone kama kuna mtu angekumbuka jina la Soler.

Na hapo napenda kumtaja yule ambaye hatajwi kamwe: New York Mets. Siku ileile, tarehe 30 Julai 2021, Mets ndio waliokuwa wanaongoza kundi hilo. Nao walikuwa na jeraha lao, tena la kutisha. Jacob deGrom, mrushaji bora duniani wakati ule kwa macho yangu, alikuwa amerusha mara ya mwisho tarehe 7 Julai na mwaka ule hakurudi tena. Tundu lao liko wapi? Kwenye warushaji, mtoto anaona. Wao wakamleta nani? Javier Báez, mcheza besi za kati, kutoka Cubs. Walipata pamoja naye mrushaji wa kujazia, na wiki moja kabla walimchukua Rich Hill, mwenye miaka 41. Wakamtoa Pete Crow-Armstrong, kijana wa miaka 19 waliyemchagua raundi ya kwanza mwaka uliotangulia, aliyekuwa amecheza mechi sita tu kabla ya kufanyiwa upasuaji wa bega.

Báez hakuwaangusha, jamani. Alipiga .299 akiwa nao, ingawa katikati aligombana na mashabiki wake mwenyewe kwa kuwaonyesha dole gumba chini. Shida ni kwamba aliziba mahali pasipovuja. Mets walimaliza 77 kwa 85. Crow-Armstrong? Mwaka 2025, akiwa na Cubs, alipiga homurani 31 na kuiba besi 35, na mashabiki wakampigia kura aanze mchezo wa nyota.

Siku moja, kundi moja, timu mbili zilizojeruhiwa, na zote mbili zilinunua. Watu hukumbuka moja tu.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mashabiki wanaupenda sana msemo huu mwezi wa saba. Ila fundi yeyote wa kwetu atakuambia kuna ufa wa plasta na kuna ufa unaotoka msingini. Wa pili hata ukiupaka saruji kila wiki unarudi.

Los Angeles Angels 2023 walikuwa na ule wa pili. Mike Trout alivunjika mfupa wa mkono mapema Julai. Shohei Ohtani, nyota wao anayerusha na kupiga, mkataba wake unaisha, na dunia nzima inataka kujua kama watamtoa kabla hajaondoka bure. Wakasema hatoki, tena wakaongeza: Lucas Giolito na Reynaldo López kutoka Chicago White Sox, kwa bei ya mdakaji chipukizi Edgar Quero na mrushaji Ky Bush. Siku ya pili yake Ohtani akacheza Detroit mechi mbili kwa siku moja. Ya kwanza aliirusha peke yake mpaka mwisho akaruhusu pigo moja tu, ya pili akapiga homurani mbili. Siwalaumu waliolia kwa furaha. Agosti ikaanza kwa kufungwa mfululizo, kiwiko cha Ohtani kikachanika, na kabla mwezi haujaisha klabu ikawaweka Giolito na López dirishani achukue anayetaka, ili kodi ya mishahara ipungue. Cleveland wakawachukua wote wawili bila kutoa hata kijana mmoja. Angels 73 kwa 89, na Ohtani akahamia upande wa pili wa jiji kwa dola milioni 700.

Wao nao, nina hakika, kuna mtu ofisini alisema "Atlanta ya 2021".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Atlanta wenyewe waliukuta ufa wa msingi 2025. Sikiliza orodha hii ya warushaji peke yake: Reynaldo López, yuleyule wa Angels, bega, upasuaji Aprili. AJ Smith-Shawver kiwiko. Chris Sale mbavu, kwa kujirusha kudaka mpira mwezi Juni. Spencer Schwellenbach kiwiko, mfupa umevunjika. Grant Holmes kiwiko. Hao ni karibu kikosi kizima cha kuanza mechi, na bado Riley naye tumbo lilikuwa limemsumbua. Hapa hakuna bati la kununua. Nani atakuuzia warushaji watano Julai, na kwa nini?

Safari hii nilikuwa na haki ya kusema uza, na nilisema kwa sauti ya chini maana ile picha ya WhatsApp ipo. Raisel Iglesias, mrushaji wa kumalizia mechi, mkataba unaisha. Ozuna, mkataba unaisha, ingawa yeye alishafikisha ile miaka 10 na mitano kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa lake. Tarehe 31 Julai nilikaa na simu mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakuondoka hata mmoja. Waliingia warushaji wakongwe wawili watatu wa kumalizia siku, basi. Atlanta wakamaliza 76 kwa 86, na mtoano wakausikia redioni kwa mara ya kwanza tangu 2017.

Haki itendeke: Iglesias alisaini tena mwaka mmoja, dola milioni 16, kwa hiyo huyo hatuwezi kusema alipotea. Ozuna aliondoka na Atlanta hawakupata kitu mkononi.

Kwa hiyo wewe mwenye timu yenye majeruhi, kabla hujaniandikia, nitumie kwanza vitu viwili: orodha ya waliocheza karibu kila mechi mpaka leo, na jina la kijana unayekubali kumtoa. Mechi ngapi mko nyuma sihitaji kujua. Juzi mmoja wa Seattle alinitumia orodha ya kwanza, ina majina saba, nikamwambia haya, tuongee. Jina la kijana hajalileta mpaka sasa.